Ukurasa wa Kumi na Nne, Kutoka Nyuma

Bahasha imekaa juu ya meza ya jikoni kwangu tangu Alhamisi na sijaifungua. Nimeisogeza mara tatu: kupisha sahani, kupisha mjukuu wangu aliyetaka kuchora, na mara ya tatu bila sababu yoyote, basi tu mikono ilitaka kazi. Nilikabidhiwa katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Porte de Namur na Béatrice, mpwa wa Mademoiselle Odile, siku kumi baada ya kumzika shangazi yake. Béatrice hajui Kiswahili, tulizungumza Kifaransa. "Madame Zaina," aliniambia, "tante aliagiza hii upewe wewe, na mtu mwingine asiifungue." Nikaipapasa juu ya karatasi, nikausikia ukubwa wake na lile jalada gumu, nikajua. Ni daftari la kijani. Miaka ishirini na minane sijaligusa. Nilimaliza kahawa yangu pole pole, nikamuuliza habari za watoto, nikapanda metro kama mtu mwenye akili zake. Lakini nitasema kweli, maana kwa umri huu sina wa kumwogopa: mwanamke yule nilimpenda, na kwa mwaka mzima kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokitaka kwake. Nilitaka aseme mbele ya watu kwamba mimi Zaina nilisoma, na nikaelewa. Alinipa mengi. Hilo hakunipa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na miezi minne tu tangu niteremke kwenye stesheni ya Gare du Midi na begi moja lisilofungika vizuri. Maman Asha, aliyekuwa jirani yetu Buyenzi kule Bujumbura, alinitangulia kuja huku, na siku mbili kila wiki alikuwa akimpikia mama mmoja mtu mzima mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert. Ndiye aliyenipeleka. "Ni mademoiselle moja muzungu, alikomalia Bukavu tangu mutoto," aliniambia ndani ya basi, "anasema Swahili kuliko we. Alikuwaka professeur wa anglais. Sasa macho yake imekufa karibu yote, anatafuta muntu wa kumusomea. Si ulisoma anglais kwa école yako ya ualimu? Bon. Kaa wima, na usijibu-jibu." Maman Asha alinifahamu vizuri.

Mademoiselle Odile alitufungulia mwenyewe, mrefu, mwembamba, vifungo vya sweta lake vimepishana kwa sababu hakuviona. "Karibu mutoto," alisema. "Ingia, baridi itakuua." Nikacheka pale pale mlangoni. Akaniuliza kinachonichekesha, nikamwambia, "Mademoiselle, mimi nilidhani nimefika Ulaya." Na yeye akacheka, na kuanzia hapo tulikuwa tumeshazoeana. Chumba chake cha kazi nakiona mpaka leo: meza ndefu chini ya dirisha, taa yenye kioo cha kukuzia maandishi, vitabu mpaka darini, harufu ya supu ya vitunguu vya poireau iliyochanganyika na nta ya sakafu. Kwenye kona lilisimama kabati lenye kufuli, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake kwenye utepe mweusi, pale wenzake walipoweka msalaba. Juu ya meza kulikuwa na majalada mawili ya fotokopi. Moja limeandikwa kwa kalamu nene *Mashairi*, la pili *Mapishi*, yote kwa Kifaransa.

Ndani ya kabati, alinieleza, kulikuwa na daftari la Kiingereza lenye umri wa miaka zaidi ya mia mbili, alilolinunua kwenye mnada wa vyombo vya nyumba moja ya hapa mjini, likiwa chini ya vitambaa vya meza. Mashairi yaliyomo hayakupata kuchapishwa. Zamani zile, alisema, watu wa heshima hawakupeleka mashairi ya mapenzi kwa mchapaji. Waliyanakili kwa mkono, wakaazimana, wakasomeana wakinywa chai, na majina waliyaficha: herufi ya kwanza, halafu mstari mrefu. Mgeni asijue anayesemwa, mwenyeji ajue vizuri sana. Mimi nilikuwa nikimsikiliza huku natikisa kichwa, nikijiuliza mbona mama huyu ananisimulia mtaa wetu. Ya uzuri yalikuwa mengi, macho ya fulani, shingo ya fulani, nywele za fulani zilizomnyima mtu usingizi. Halafu yalikuwepo ya kejeli. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kutoka kwenye fotokopi, neno kwa neno, kisha kuyanakili kwa herufi kubwa kwenye daftari la kijani, naye akishikilia kioo chake na kuandika maoni pembeni kwa kalamu nene. Alikuwa anatayarisha kitabu. Kila kitu alichowahi kukifanya chuoni kilikuwa kimechukuliwa na wanaume wenye sauti kubwa, alisema siku moja bila kulalamika, lakini hiki kitakuwa chake.

Tulikula saa sita na nusu, kila siku supu, mkate na jibini, na baada yake kahawa yenye chikori ambayo sikuipenda na ambayo sasa ndiyo ninayokunywa. Ramadhani ilipofika yeye ndiye aliyehesabu siku kunishinda mimi. Mchana alikula jikoni amejifungia mlango ili nisimwone, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kiza kilipoingia aliweka mbele yangu sahani ya tende alizomwagiza Maman Asha kwenye soko la Jumapili la Midi. "Kula mutoto, jua imeenda," alisema, akiwa amegeuzia uso dirisha ambalo hakuona kitu ndani yake. Nilijisikia mtu katika nyumba ile. Ndiyo maana lililofuata liliniuma.

Asubuhi moja nilifungua daftari la kijani kutafuta ubeti tuliouacha, nikafika ukurasa wa tisa. Pembeni mwa mwandiko wangu alikuwa ameandika, kwa Kifaransa, kwa ajili ya profesa mwenzake aliyekuwa akimpelekea kurasa azipitie: *Mkono mzuri kabisa. Msichana haelewi anachokinakili, na ni afadhali hivyo.* Nilisoma mara mbili. Kwa macho yake yale, nadhani alishasahau kwamba maandishi yake makubwa mtu mwingine huyaona hata akiwa mlangoni. Jioni nilimwambia Maman Asha, naye akasonya. "Wee, muache. Bazungu bakizeeka banaandika yote banafikiria. Anakulisha tende, ao hakulishi?" Alinilisha. Lakini mimi sikuwa na njaa ya tende.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Mademoiselle hakulijua na hakuniuliza. Buyenzi, katika arusi, vikundi vya akina mama viliimbiana. Kikundi cha Bi Mwamini kilikuwa na daftari la nyimbo, na tangu nina miaka kumi na mbili mwandishi wa daftari lile nilikuwa mimi. Mkono mzuri, ndiyo, nimeanza kusifiwa zamani. Na daftari la Bi Mwamini lilikuwa na utaratibu wake. Sifa na vijembe viliandikwa kuanzia mbele. Mtu akitukanwa, jibu lake halikuandikwa ukurasa wa mkabala, maana mtukanaji na aliyetukanwa hawawezi kuwekwa wakitazamana kama bwana na bibi harusi. Daftari liligeuzwa, kichwa chini, ukaanza kuhesabu kutoka nyuma. Kijembe kikiwa ukurasa wa saba mbele, jibu liko ukurasa wa saba nyuma. Katikati ya majibu yale ya nyuma, Bi Mwamini aliamuru niandike vipimo vya maandazi na dawa za tumbo, ili mume au shemeji akifungua asitamani kuendelea. Na jibu lilishika vina vile vile vya kijembe. Lisiposhika, Bi Mwamini hakulipokea. "Hilo ni kelele," alisema, "rudi ukalitunge."

Basi katikati ya majira ya baridi tukafika shairi la kejeli la ukurasa wa kumi na nne. Lilimhusu mwanamke aliyetajwa kwa herufi C na mstari mrefu, yule yule aliyesifiwa kurasa nane kabla ya hapo kwa macho na shingo. Bwana alishakataliwa, ikaonekana wazi. Sasa alimsema poda yake, meno yake ya kununua, umri wake, shingo ile ile iliyomfanya alie sasa imekuwa ya bata mzinga. Nilinakili mpaka mwisho nikiwa nimeuma midomo. Kisha nikauliza, "Jibu liko wapi?"

"Jibu gani?"

"La huyu mama. Katukanwa hivi, watu wameshaazimana daftari mji mzima, na yeye kanyamaza?"

"Mutoto, haiko jibu," alisema Mademoiselle. "Banawake ba wakati ile hawakuwa na nafasi ya kujibu. Nimeandika chapitre nzima juu ya ile. Le silence de la dame. Na hapa si Buyenzi."

"Mademoiselle, nionyeshe daftari lenyewe. Hizi fotokopi zimekaa vizuri mno."

Akakataa. Karatasi ilikuwa kuukuu, mikono ina mafuta, yeye mwenyewe alikuwa hajalitoa kwa miaka minne. Sikumwomba tena, ila kila siku tulipofunga kazi niliuliza kwa adabu zote, "Na jibu, Mademoiselle?" Wiki tatu. Maman Asha aliniambia nitafukuzwa. Siku ya kumi na tano au kumi na sita ya ukaidi wangu, Mademoiselle alivua utepe shingoni, akaupiga mezani na kusema, "Alors, tafuta! Lakini kwanza nawa mikono, eh? Nawa mikono!"

Lilikuwa limefungwa ndani ya foronya. Jalada la ngozi, dogo kuliko nilivyofikiri, linanuka kabati. Sikulifungua mbele. Niliweka kiganja juu yake, nikaligeuza kichwa chini kama nilivyofundishwa, na maandishi yakakaa sawasawa mbele yangu: kutoka nyuma kulikuwa na daftari la pili, linaloanzia jalada la mwisho na kuja kukutana na lile la kwanza. Jemu. Dawa ya kikohozi. Namna ya kutoa doa la divai. Aliyepiga fotokopi alikuwa mtu nadhifu, alizigeuza kurasa zote zitazame juu na kuzitia kwenye jalada lao, na jalada likaandikwa *Mapishi*, na wasomi wakubwa hawakuwa na shida ya jemu. Nikahesabu kwa kidole. Kumi na mbili, kumi na tatu. Kwenye ukurasa wa kumi na nne, chini ya vipimo vya sukari, kwa mwandiko mwembamba uliosimama wima, lilikuwepo shairi. Vina vilikuwa vile vile. Vyote, mpaka cha mwisho.

Nilimsomea kwa Kiingereza, halafu nikamweleza kwa Kiswahili. Mama yule hakupiga kelele. Alimwambia bwana yule: uso ulioulilia mwaka jana ndio huu huu, nimeuosha kwa maji yale yale, kilichong'oka meno ni mapenzi yako, na hayo hakuna wa kukuuzia mengine. Mademoiselle akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu. Aliweka kioo chini, akafunika uso kwa mikono miwili, na kutoka nyuma ya vidole nikamsikia, "Kwa mapishi. Nilimutia kwa mapishi. Miaka yote." Kisha akaniuliza nilijuaje, nikamweleza kuhusu Bi Mwamini, kila kitu, kugeuza, kuhesabu, maandazi. Alisikiliza kwa makini kama mtoto anayeelekezwa njia ya kwenda dukani. Siku zilizofuata tulikuta majibu mengine matano. Wallahi, sijawahi kujisikia mkubwa kama nilivyojisikia mwezi ule. Nilitembea mitaa ya Woluwe nikiwatazama watu machoni. Kulikuwa na kitabu ambacho maprofesa walikuwa wamekishika kichwa chini, na aliyekigeuza alikuwa mimi.

Katika majira ya kuchipua aliwaalika wenzake wawili chakula cha mchana, yule mzee profesa wa kurasa zake, mwenye ndevu nyeupe, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, na mama mmoja wa maktaba. Maman Asha alipika kuku na viazi vya kuponda na karoti. Kazi ya kuandaa meza ilikuwa yangu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Idi, maana nilijua siku hiyo nitatajwa. Nikiwa kwenye korido na bakuli la viazi mkononi, nikamsikia mzee anasema, "Odile, miaka yote hii sisi wenye macho hatukuona, na wewe, na macho yako hayo, umeona! Huu ni ugunduzi wako mkubwa kuliko yote." Nikasimama. Sikutaka kuingia nikamkata Mademoiselle kauli wakati wa kulitaja jina langu. Kupitia uwazi wa mlango nilimwona Mademoiselle ameshika utepe wa shingoni, anauzungusha kidoleni. Muda ulikuwa mrefu, wa kutosha kusema jina lenye herufi tano.

"Merci," alisema. "Ilikuwa bahati."

Niliingia, nikaweka bakuli, nikatoka. Jikoni Maman Asha alinitazama mara moja tu. "Zaina, usilie mu sauce yangu," alisema, halafu akazima jiko na kunikumbatia na mikono yake inanuka kitunguu.

Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka ule, chembamba, cha bluu. Sura ya ukimya wa mwanamke ilikuwa imefutwa, na mahali pake palikuwa na sura nzuri sana kuhusu kugeuza daftari. Ukurasa wa shukrani ulimshukuru profesa, maktaba, mpwa wake, na *kijana aliyenisaidia kunakili*. Mimi nilikuwa nimeshaomba nafasi katika mafunzo ya kuhudumia wazee, nikamuaga kwa maneno machache na yeye akanijibu kwa machache zaidi. Hatukugombana. Labda tungegombana ingekuwa nafuu. Lakini kila Idi, kwa miaka ishirini na minane, postamani aliniletea kisanduku cha tende bila barua, na kila Idi nilizila. Leo nami naukaribia umri aliokuwa nao yeye, na najua mwanamke aliyenyang'anywa kila kitu anavyokishika cha mwisho. Najua, na bado iliniuma. Sikumwambia mtu. Niliendelea na kazi yangu, nikawasomea wazee wa watu vitabu vyao, na kwenye kumbi za arusi za Molenbeek daftari la nyimbo ninalo mimi. Wasichana waliozaliwa hapa, Kiswahili chao kimejaa Kifaransa, wananijia na simu zao wanauliza, "Tante Zaina, wametuchamba, tuwajibuje?" Nawaambia waweke simu chini wachukue kalamu. Wakinileta jibu lisiloshika vina, nawarudisha.

Nimeifungua. Chai imepoa na mjukuu amelala kwenye kochi. Daftari la kijani limefifia, mwandiko wangu ndani yake bado umesimama vizuri, sioni haya kusema hivyo. Nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa tisa na maneno yale yalikuwepo, meusi, hayajapungua hata herufi. Nilitaka kulifunga. Lakini nilipokuwa nalishika nilisikia kwa vidole kwamba pembe za kurasa za nyuma zimekunjwa, moja moja, kwa uangalifu, kama anavyokunja mtu ambaye lazima ahesabu kwa kugusa. Nikaligeuza kichwa chini. Nikahesabu pembe zilizokunjwa. Zilikuwa tisa.

Ukurasa wa tisa mistari ilipanda na kushuka, mingine ilipita juu ya mingine, mwandiko wa mtu asiyeona kabisa. Hakuandika Kifaransa. Aliandika Kiswahili chake cha Bukavu: *Zaina alielewa. Ni miye nilikuwa nanakili tu. Kwa meza ile siku nilisema merci, na ilipasa niseme jina yake. Zaina, umuambie Béatrice: kitabu ikichapishwa tena, jina yako itangulie.*

Nilisoma mara tatu, kama alivyonisomesha. Kisha nikakaa wima kwenye kiti changu na kusema kwa sauti, mjukuu akageuka usingizini, "Ndiyo, Mademoiselle. Nilielewa."